Spidi ya hewani kwenye Counter-Strike na Quake: achia W, fanya kazi na mausi

Hii nawaandikia wanaocheza gemu za kushuti kwenye kompyuta, hasa Counter-Strike 1.6 ambayo hata laptopu iliyochoka inaibeba vizuri tu, pamoja na wale walioanza kugusa Quake 3. Kila seva ina mtu mmoja ambaye mnaanza mbio sehemu moja, wote mmeshika kisu, na anafika kabla yako, alafu anaruka juu ya masanduku ambayo wewe ukijaribu unagonga ukuta na kurudi chini. Watu wanaanza kusema anachiti. Mara nyingi hachiti, anajua tu kwamba ukishakuwa hewani spidi haitoki kwenye W, batani ya kwenda mbele, inatoka kwenye A na D, za kushoto na kulia, pamoja na mausi (Quake 3 ina tofauti yake, nitaifikia), na mikono yake imeshazoea. Naomba kwanza uelewe kwanini iko hivyo kabla hujaanza kurukaruka, manake ukielewa sababu mikono inafuata haraka, ukikariri tu bonyeza hiki geuza kule utakwama na hutajua umekwama wapi.

Chanzo chake ni Quake ya id Software ya mwaka 1996. Half-Life ya 1998 ilijengwa juu ya injini ya Quake, yani programu inayoendesha gemu, Counter-Strike ikaanza 1999 kama modi ya Half-Life, yani gemu iliyotengenezwa kwa kuibadilisha Half-Life, baadae kampuni ya Valve wakatengeneza injini ya Source ambayo nayo ilirithi hesabu zile zile za mwendo, na Titanfall na Apex Legends zimetoka kwenye Source iliyofanyiwa marekebisho, ndo maana nazo mchezaji anaweza kupinda akiwa hewani. Kodi ya Quake iliwekwa wazi mwaka 1999 kwa hiyo hili sio jambo la kubahatisha, mstari unaofanya maajabu yote haya upo na mtu yeyote anaweza kuusoma.

Mstari wenyewe unafanya hivi. Ukiwa hewani, kila fremu, yani kila picha moja kati ya nyingi ambazo gemu inachora kwa sekunde, injini inaangalia unabonyeza upande gani, alafu inajiuliza, huyu kwenye UPANDE HUO anaenda spidi ngapi? Haiulizi spidi yako nzima, inauliza ya upande unaobonyeza tu. Kama ni chini ya 30, yani uniti 30 za gemu kwa sekunde, inakuongezea, kikomo ni 30. Kama imeshafika 30 au zaidi haikupi kitu. Sasa chukua mfano una kisu, unakimbia mbele kwa 250, umeruka na bado umeshikilia W. Spidi yako ya kwenda mbele ni 250, imepita 30 mbali sana, kwa hiyo W inakupa sifuri, unaibonyeza bure kabisa. Lakini ukiachia W ukabonyeza A, spidi yako ya kwenda kushoto ni sifuri, basi injini inakuongezea, tuchukulie ile 30 yote, kwenda kushoto, na ile 250 ya mbele ipo pale pale haijaguswa. Piga hesabu ya pembetatu tuliyosoma shuleni, 250 mara 250 ni 62,500, jumlisha 30 mara 30 ambayo ni 900, unapata 63,400, kipeuo chake cha pili ni 251.8. Umeongeza karibu 2 kwenye fremu moja tu, na kwenye fremu 100 kwa sekunde hizo mbili mbili zinajumlishana.

Ila angalia kinachofuata, hapa ndo mausi inaingia. Baada ya ile fremu moja njia yako imepinda kidogo kwenda kushoto, kama nyuzi 7. Ukiacha mausi imetulia, upande wa A tayari una 30 yake, fremu inayofuata hupati kitu. Inabidi ugeuze mausi kushoto kidogo ili upande wa A urudi kuwa karibu nyuzi 90 na njia unayoenda, hapo injini inaona tena huna spidi ya kutosha upande ule, inakuongezea tena. Fremu inayofuata hivyo hivyo. Kwa hiyo A na mausi kushoto vinaenda pamoja, D na mausi kulia vinaenda pamoja, na mausi inatakiwa iende kwa mwendo mmoja bila kukatika. Ukigeuza taratibu sana unapata kidogo. Ukigeuza kwa fujo kupita kiasi upande wa A unaanza kuangalia nyuma ya njia yako na unajivuta mwenyewe, spidi inashuka. Ni kama mkokoteni unaoteremka mlima, ukiusukuma kwa nyuma umeshakuzidi mbio na mikono yako haiongezi kitu, ukiusukuma ubavuni unaupokea msukumo wako wote.

Hakuna mkono wa mtu unaoweza kugeuza nyuzi 7 kila fremu kwa usahihi, usijali, hata robo yake inatosha kukutofautisha na watu kwenye seva.

Kabla ya kuanza mazoezi tengeneza vitu vitatu. Cha kwanza zima ile akselereshoni ya mausi kwenye mipangilio ya Windows, manake ikiwa imewashwa umbali ule ule wa mkono unakupa nyuzi tofauti kila mara na mwili hautajifunza kitu. Cha pili weka kuruka kwenye skroli ya mausi, fungua konsoli, ile sehemu ya kuandika amri za gemu, andika bind mwheeldown +jump, na spesi iache kama ilivyo kwa kuruka kawaida. Cha tatu kagua kibodi. Kibodi nyingi za bei rahisi za ofisini zikibonyezwa batani tatu kwa pamoja moja haisomwi, kwa hiyo fungua gemu, shikilia W na A, bonyeza spesi, afu jaribu W na D na Ctrl, uone kama zote zinafanya kazi. Kama kuna inayokataa, hamisha kuruka au kuchuchumaa kwenda batani nyingine, usije ukajilaumu miezi kumbe ni kibodi. Fremu nazo jitahidi zikae sehemu moja, kwenye 1.6 watu wengi tunataka 100 iliyotulia kuliko inayopanda na kushuka.

Zoezi la kwanza, na nasisitiza usiliruke hata kama linaonekana la kitoto, ni kupinda kona hewani. Fungua mapu ya de_dust2 peke yako bila boti, shika kisu, tafuta sanduku lolote lililosimama peke yake. Kimbia kupita pembeni yake likiwa kushoto kwako, ruka, ACHIA W hapo hapo, shikilia A na geuza mausi kushoto taratibu. Utaona mwili unalizunguka sanduku ukiwa hewani na unatua upande wa pili. Ukitua mbali na sanduku mausi ilichelewa, ukiona umepoteza mwendo na kuanguka kama gunia ujue uligeuza kwa fujo au kidole kilibaki kwenye W. Hiyo W ndo ugonjwa wa kila mtu. Kidole kina mazoea ya miaka, hakitaki kutoka. Fanya upande wa kushoto mpaka uchoke alafu fanya wa kulia, na wengi mtakuta upande mmoja ni mgumu zaidi, huo ndo uupe muda mwingi.

Likishakaa unaenda kuruka mbali. Hapa inabidi ujue muda ulionao, kwenye 1.6 mruko wa kawaida unakupandisha uniti 45, mvutano ni 800, ukipiga hesabu unakaa hewani kama theluthi mbili ya sekunde tu ndo unarudi pale ulipoanzia. Ndani ya huo muda unatakiwa upige strefu, yani ile A na mausi kushoto au D na mausi kulia, kushoto, kulia, kushoto, wengine wanapiga mpaka nne na zaidi. Anza na mbili. Ruka, achia W, A na mausi kushoto, katikati ya mruko badilisha D na mausi kulia, tua. Ile sehemu ya kubadilisha ndo watu wanapoteza spidi, manake A inabaki imebonyezwa wakati D imeshashuka, na zikiwa zote chini zinafutana, kwa injini ni kama hujabonyeza kitu. Kidole kimoja kinyanyuke wakati kingine kinashuka, na mausi igeuke muda ule ule, sio kabla sio baada. Ukisikiliza kibodi yako utaisikia, strefu nzuri ina mlio mmoja, mbaya ina miwili.

Kabla hujaruka kuna nyongeza ya chini. Badala ya kukimbia moja kwa moja mpaka ukingoni, kimbia na W pamoja na A huku unageuza mausi kushoto kwa upinde, sekunde moja hivi, na ruka ukiwa ndani ya upinde huo. Hata ardhini hesabu inakuachia upate ziada, badala ya 250 unaondoka na 270 na kitu. Ukishaondoka na spidi hiyo strefu zako zinaanzia juu, na mwishoni kabisa kabla ya kutua chuchumaa, miguu inapanda unapata uniti chache zaidi za mbele. Watu wa KZ, zile mapu za kupanda na kuruka, wanaishi kwenye hizi uniti chache.

Sasa banihopu, yani kuruka mfululizo bila kupoteza spidi, ambayo ndo kila mtu anaitaka siku ya kwanza. Ukitua msuguano wa ardhi unaanza kukula spidi mara moja. Lakini ukiruka ndani ya ile fremu uliyotua, msuguano haupati nafasi na spidi ya hewani unabaki nayo. Kwenye fremu 100 kila moja ni sehemu ya mia ya sekunde, na kushikilia spesi haisaidii kwenye Counter-Strike, inataka mbonyezo mpya kila mruko. Ndo kazi ya skroli, ukiizungusha karibu na kutua inatuma mibonyezo mingi mfululizo na mmoja wake unaangukia pazuri. Usizungushe njia nzima ukiwa hewani, anza kidogo kabla ya miguu kugusa na umalize kidogo baada. Mpangilio unakuwa hivi, kimbia, ruka, achia W, strefu kushoto, skroli, strefu kulia, skroli, strefu kushoto, na mwili unaenda mbele kwa mawimbi. Strefu moja kwa kila mruko inatosha kabisa mwanzoni.

Kuna kitu hapa watu wengi hawakijui na kinawakatisha tamaa. Counter-Strike 1.6 ina kikomo, ukiruka ukiwa na zaidi ya mara 1.2 ya spidi ya silaha uliyoshika, gemu inakukata inakushusha mpaka asilimia 80 ya kikomo hicho. Kwa kisu maana yake ni hivi, ukitua na 295 ukaruka uko salama, ukitua na 305 ukaruka unashushwa mpaka 240, chini hata ya spidi ya kukimbia. Kwa hiyo mtu anapiga strefu nzuri sana, anapita 300, anakatwa, anadhani amekosea skroli. Hujakosea, umezidisha. Kwenye seva za kawaida lengo ni kutua ukiwa karibu na 300 bila kuifika, kwa hiyo ukihisi umeshika mwendo mkubwa punguza upana wa strefu ya mwisho. Seva za banihopu huwa zimeondoa hiki kikomo ndo maana kule watu wanapaa. Tena kila mruko unakuachia uchovu wa kama sekunde 1.3 unaopungua taratibu, mruko unaofuata unakuwa mfupi kidogo kwenda juu, usishangae banihopu haikupandishi juu ya sanduku ambalo mruko wa kwanza unalipanda.

Na silaha inahesabika. Kwenye 1.6 kisu ni 250, AK-47 ni 221, M4A1 ni 230, AWP ni 210, na Scout ni 260, yani ukiwa na Scout mkononi unakimbia kuliko mwenye kisu. Ukitaka kukimbilia sehemu toa kisu, hilo linajulikana, lakini mwenye Scout asihangaike kubadilisha.

Kuruka kwa kuchuchumaa ni fupi. Mruko wa kawaida ni 45, ukibonyeza Ctrl ukiwa hewani miguu inakunjwa na unafika 63. Ruka kwanza, Ctrl mara tu baada yake, shikilia mpaka uwe juu ya kitu. Pale katikati ya dust2 kwenye lile sanduku la kupandia kwenda njia ya juu ya A (sehemu ya bomu, sio batani) ndo darasa zuri, unapanda sanduku kwa mruko wa kuchuchumaa, unasimama, unaruka tena hivyo hivyo kwenda juu. Ukijua kupinda hewani utaweza kulipanda hata ukitokea pembeni badala ya kulikabili uso kwa uso, na hapo adui aliyezoea kukulenga sehemu moja anachanganyikiwa.

Kusimama nako ni mwendo, na kwa ushindi wa kweli hii ina faida kuliko banihopu yote. Risasi za Counter-Strike zinatawanyika ukiwa unatembea, na ukiachia D peke yake mwili unateleza kidogo kabla ya kusimama. Badala yake achia D na gusa A kitambo kidogo tu, spidi inaenda sifuri hapo hapo, shuti, alafu endelea. Kwenye CS:GO, Counter-Strike iliyotangulia CS2, ilikuwa ukishuka chini ya kama theluthi moja ya spidi ya silaha yako unapiga sawa na aliyesimama, kwa hiyo hata kusubiri sifuri kamili hakuna haja. Fanya ukitokea kwenye kona, toka, gusa, piga moja, rudi. Ukiwa na dakika kumi tu za mazoezi kwa siku ningekuambia zote zipeleke hapa.

Quake 3 ya 1999 ina baba mmoja na hii lakini hesabu imebadilishwa, ile 30 haipo, kikomo cha upande ni spidi yako ya kukimbia yenyewe, 320, na hewani inakuongezea taratibu. Kwa hiyo kule W HUIACHII. Unashikilia W na D, unaruka, na unaelekeza mausi kulia kidogo kwa mwendo mpole, mruko unaofuata W na A na mausi kushoto. Kadri spidi inavyopanda ndo pembe inavyotakiwa kuongezeka. Ukiwa na 640 upande unaobonyeza lazima uwe zaidi ya nyuzi 60 na njia yako ili spidi yako ya upande ule iwe chini ya 320, na kwa vile W na D zinakupa nyuzi 45 tayari, macho yako yanatakiwa yawe nyuzi 15 na kidogo pembeni ya unakoenda. Ndo maana ukiwatazama wachezaji wazuri wa Quake hawaangalii mbele kabisa. John Carmack alishajaribu kuiondoa hii kitu wakati wa kutengeneza Quake 3, ila marekebisho yakaharibu ladha ya kuruka kwa kawaida, akaiacha, na mimi nafurahi sana aliiacha, manake bila hiyo gemu ingekuwa nusu. Anayetaka kuijaribu bila hela apakue Xonotic, ni ya bure, ni nyepesi, na ina kipima spidi unachoweza kukiwasha kwenye skrini ukaona namba inavyopanda.

Kule pia kuna mruko wa roketi, angalia chini, ruka, na shuti roketi miguuni mara tu unapoondoka ardhini. Quake 3 inakukata nusu tu ya madhara unayojifanyia mwenyewe, lakini bado ni damu nyingi, usifanye ukiwa na afya ndogo. Ukitaka kwenda mbele na sio juu, elekeza roketi nyuma ya miguu yako kidogo.

Wa CS2, yani Counter-Strike 2, mnaweza kufungua mapu yenu wenyewe mkaandika sv_cheats 1, sv_enablebunnyhopping 1, sv_staminajumpcost 0 na sv_staminalandcost 0, na kama skroli bado inasumbua ongezeni sv_autobunnyhopping 1 ili mshikilie spesi tu na akili yote iende kwenye strefu. Ukiongeza cl_showpos 1 unaona spidi yako kwenye kona, namba hiyo haidanganyi. sv_airaccelerate, inayoamua hewani unaongezewa haraka kiasi gani, kawaida ni 12, seva za banihopu wanaweka mamia mpaka elfu, kule inakuwa rahisi mno, anza na kubwa upate hisia alafu ishushe taratibu kurudi 12 manake ndo utakayoikuta kwenye mechi.

Wenye simu nisiwadanganye, Call of Duty Mobile imejengwa kwa Unity na PUBG Mobile kwa Unreal, ule mstari wa Quake haumo, kwa hiyo strefu za hewani kule hazikuongezei spidi hata ugeuze vipi.

Na kwa wenye hela ya kibodi mpya, kuna zile zinazobadilisha A na D zenyewe, ukibonyeza ya pili ya kwanza inaachiwa hata kama kidole bado kipo. Agosti 2024 Valve walitangaza kwamba kwenye seva zao rasmi za CS2 hairuhusiwi, sawa na skripti zinazofungasha miendo kadhaa kwenye batani moja, na ukigundulika unaondolewa katikati ya mechi. Kama unayo ingia kwenye programu yake uizime kabla hujafungua gemu.